Je, wajua kwa nini mchaichai wa dirishani haumtishi mbu?

Ukipita kwenye vitalu vya miche vya kando ya barabara mjini Kisumu, hasa mvua za Machi zikishaanza, hutakosa kuuziwa mmea wa kufukuza mbu. Muuzaji atakuonyesha mchaichai, mrehani, rozimeri, pengine na jeraniamu yenye majani yanayonukia limau. Kisha atachuma jani moja, alisugue kati ya vidole na kukusogezea puani. Harufu inapanda hadi machoni. Unalipa, unafungiwa mche kwenye mfuko, unaenda kuuweka dirishani.

Jibu lote limo katika kule kusugua. Jani lililosuguliwa linanukia kweli, na harufu hiyo kweli mbu haipendi. Lakini mche ulioubeba kwenda nyumbani utasimama dirishani usiku kucha bila mtu kuusugua, na mmea uliotulia hivyo, usiokatwa wala kupashwa moto, huachilia mafuta machache mno kumzuia mbu mwenye njaa. Mbu atakupitia juu ya mchaichai wako kana kwamba ni nyasi. Na kwa kweli ni nyasi.

Wazo lenyewe si la kijinga. Watu huhesabu hivi: mafuta ya sitronela hufukuza mbu, mafuta hayo hutoka kwenye mmea, basi mmea nao hufukuza mbu. Hatua mbili za kwanza ni sahihi, ingawa sitronela hupeperuka upesi na kinga yake ni fupi. Kosa liko kwenye hatua ya tatu. Hata kabla ya kufika hapo, mara nyingi mmea wenyewe siyo. Mchaichai tunaotia kwenye chai ni ndugu tu wa zile nyasi zinazokamuliwa sitronela. Wanafanana kwa sura na kwa jina la ukoo, lakini mafuta ya mchaichai kwa sehemu kubwa ni kemikali iitwayo sitrali, ilhali ya ndugu zake yana kemikali nyingine, sitronelali na jeranioli, kwa wingi. Mikaratusi ni vivyo hivyo. Dawa ya kujipaka inayosifiwa na wataalamu hutokana na mkaratusi wenye harufu ya limau, na hata huo mafuta yake lazima yageuzwe kwanza ndipo yawe na nguvu inayodumu ngozini. Mikaratusi iliyojaa Vihiga na Kakamega ikisubiri kuwa nguzo za stima ni ya aina nyingine kabisa.

Ile jeraniamu ya limau ina kisa chake. Miaka ya 1990 iliuzwa sana Amerika Kaskazini ikinadiwa kuwa chungu kimoja kinatosha kusafisha baraza nzima. Watafiti wa Canada wakaipima nje, penye mbu wa kweli, na mwaka 1996 wakatoa matokeo: watu waliozungukwa na mimea hiyo waliumwa sawa na watu wasiokuwa na mmea wowote. Mbu wameonekana hata wakitua juu ya majani yake na kupumzika.

Kwa nini basi mafuta yafanye kazi na jani lenye mafuta hayohayo lisifanye? Fikiria machungwa ndani ya matatu. Abiria anaweza kutoka Ahero hadi Kericho akiwa na mfuko mzima wa machungwa mapajani na asijue mtu. Akimenya moja tu, hata dereva anameza mate. Ganda la chungwa limejaa vijifuko vidogo vya mafuta, kila kimoja kimefungwa. Ukucha ukivipasua, mafuta yanarukia hewani. Vikiwa vizima, yanabaki humo. Majani ya mrehani nayo yana vijifuko vya namna hiyo juu ya ngozi yake, vidogo kiasi kwamba bila lenzi huvioni. Mchaichai huficha vyake ndani ya jani lenyewe, ndiyo maana unaweza kupita kando ya kichaka chake usinuse kitu mpaka kanzu ikwaruze majani.

Tuendelee na safari ileile. Machungwa yakikaa kwenye dashibodi jua likiwaka, utayasikia kidogo hata bila kumenywa. Bustani nayo hunukia adhuhuri, majani yakiwa moto. Lakini mbu wa malaria hutoka usiku, wakati majani yamepoa na kutulia. Tena lile chungwa lililomenywa likikaa kitambo, harufu yake inaisha, na madirisha yakifunguliwa wanaolinusa ni wale tu wanaopigwa na upepo unaotoka kwake. Jani ulilolisugua saa moja jioni halina la kusema saa sita usiku, na upepo ukigeuka, chungu kilichoko dirishani kinamnukia jirani.

Mmea wenyewe, ukiuangalia vizuri, haukuwahi kuahidi chochote. Mafuta yale ni silaha dhidi ya kiwavi na mbuzi, wale wanaotafuna majani. Yamefungwa ili yatoke pale jino linapoingia. Mbu hatafuni majani, na mmea hauna ugomvi naye.

Upande wa mbu, mambo ni magumu zaidi. Anayeuma ni jike, kwa kuwa anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Kwa mbali hufuata hewa ya kabonidioksidi tunayoitoa kwa pumzi. Akikaribia hufuata harufu ya ngozi, kisha joto na unyevu. Anopheles gambiae, mmoja wa mbu wakuu wa malaria kando ya Ziwa Viktoria, hupenda sana miguu na vifundo vyake. Harufu ya nyayo inamvuta kiasi kwamba katika miaka ya 1990 watafiti walimnasa kwa jibini la Limburger, ambalo bakteria wanaolinukisha ni jamaa wa wale wanaoishi kwenye vidole vya miguu yetu. Na katika nyumba nyingi za vijijini mbu huyo haingii kwa dirisha. Hupitia ule mwanya ulio kati ya ukuta na paa, juu kabisa, mbali na chungu chako.

Hata jinsi harufu hizi zinavyomsumbua bado inachunguzwa. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walionyesha kwamba kwa mbu wa jamii ya Anopheles, dawa za viwandani za kujipaka kama DEET hazimkeri puani. Huifunika harufu ya binadamu isimfikie. Mafuta ya mchaichai na ya karafuu yalifanya kinyume: mbu aliyanusa waziwazi. Kwa hiyo mafuta ya mimea si porojo. Shida ni kuyafikisha hewani kwa wingi, na kwa saa za kutosha.

Hapa lazima niweke breki, kwa sababu kuna majaribio yaliyofanyika kwetu yasiyokubali jibu jepesi la "haifanyi kazi." Huko Mbita, kaunti ya Homa Bay, kipo kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya majaribio ambayo mimea hai ya kwenye vyungu iliwekwa kwenye vibanda vilivyojengwa ndani ya jumba la wavu, watu wakiwa chambo, kisha mbu wakaachiliwa. Aina moja ya mrehani mwitu ilizuia karibu asilimia 40 ya mbu, na lantana, kichaka cha maua, karibu asilimia 32. Kuiweka miwili hiyo pamoja hakukuongeza kitu.

Asilimia 40 si kazi bure. Lakini igeuze uone upande wa pili: katika kila mbu kumi, sita walifika. Na hilo lilikuwa kwenye kibanda kidogo, vyungu vikiwa karibu na mtu. Ni mbali sana na mche mmoja kwenye kona ya uwanja wa nyumba mtaani Milimani, Kisumu. Kwa malaria, ambayo mbu mmoja aliyebeba vimelea anatosha kuileta, sita kati ya kumi ni wengi.

Watafiti haohao walipima pia yale ambayo watu wa Rusinga na maeneo ya jirani wamekuwa wakifanya tangu zamani: majani ya kivumbasi, ambao Waluo huuita bwar, hutiwa motoni jioni. Matokeo yanapendeza kwa anayependa kujua kwa nini. Majani yaliyopashwa juu ya chuma cha moto yalizuia nusu hivi ya mbu. Yaliyochomwa moja kwa moja yalifanya vibaya zaidi. Joto la wastani hupasua vijifuko na kuyapeperusha mafuta, ilhali mwali huyaunguza kabla hayajafika popote, ukabaki na moshi, na moshi wa ndani ya nyumba una madhara yake kifuani. Kakamega, wakulima walio kando ya msitu wameenda hatua mbele: hupanda mrehani wenye harufu ya kafuri, wakachuma majani na kuyapitishia mvuke hadi mafuta yatoke, kisha wakatengeneza dawa ya kuchua.

Kama unataka mmea uliokwisha kuthibitisha nguvu zake kwa mbu, uko Nakuru. Pareto, ua jeupe lenye kitovu cha njano linalolimwa Molo na Kuresoi, ndilo lililoifanya Kenya kuwa muuzaji mkubwa wa bidhaa hiyo duniani kwa miaka mingi. Mjapani Eiichiro Ueyama alianza na vijiti vya kufukiza vya pareto mwaka 1890, na mwaka 1902 vikatoka vya kuzunguka, ambavyo umbo lake bado tunalinunua dukani. Dawa iliyo kwenye neti zetu ni nakala ya kiwandani ya sumu ya ua hilo. Lakini hata pareto haijawahi kufanya kazi ikiwa imesimama shambani. Sumu yake imefungwa kwenye vijimbegu vya ua, na lazima lichumwe, likaushwe na kusagwa. Ukiona Molo hakuna mbu wengi, shukuru baridi ya mita 2,400 na zaidi juu ya usawa wa bahari.

(Mbu wa magharibi mwa Kenya wamezizoea nakala hizo za pareto, na wengi sasa wanazihimili. Lakini katika maabara za dunia kuna mbu wa Anopheles wanaofugwa kwa jina "Kisumu," wakithaminiwa kwa sababu hufa upesi kwa dawa na hivyo hutumika kama kipimo. Mbu wa Kisumu wa maabara na mbu wa Kisumu wa Kisumu hawafanani tena.)

Kuna jambo moja ambalo wauza miche hawalisemi, na pengine hawalijui. Bustani inaweza kumlisha mbu. Dume huishi kwa nekta tu, na jike hunywa nekta ili apate nguvu za kuruka na kuishi siku nyingi. Katika majaribio ya Mbita, baadhi ya mimea aliyoipenda mbu wa malaria ni mbarika na tekoma, ile ya maua ya njano tunayoifanya uzio wa nyumba. Nchini Mali, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa vijiji vilivyokatiwa matawi ya mathenge yenye maua, mti uleule unaowasumbua watu wa Baringo, vilipungukiwa na mbu wa Anopheles kwa karibu asilimia 70. Waliopungua zaidi ni majike wazee, ambao ndio hueneza malaria kwa kuwa vimelea huhitaji siku kadhaa kukomaa ndani yao. Ni jaribio la mahali pamoja na mmea mmoja, kwa hiyo usikimbilie panga. Hata lantana, iliyofanya vizuri chunguni, ina nekta, huwadhuru ng'ombe wakiila, na ikishika shamba haitoki kirahisi.

Mchaichai wenyewe hauna kosa, uache dirishani. Cha kuangalia ni kile kisahani cha chini ya chungu. Maji yakituama humo, mbu wa aina nyingine, wale wa dengi na wale wanaopiga kelele sikioni, hutaga, na kwa joto la Kisumu yai huwa mbu kwa wiki moja hadi mbili. Yamwage kila wiki, na usugue kingo za kisahani, kwa sababu mayai ya mbu wa dengi hugandia pale juu ya maji na huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja utie maji tena.