Jasho halitoi sumu mwilini

Msimu wa karafuu Pemba, kuanzia Wete hadi Micheweni, utasikia watu wakisema kuwa mchumaji aliyelowa jasho "ametoa sumu zote". Wengine hujifunika blanketi na kujifukiza kwa imani hiyo hiyo. Kujifukiza huwapa watu faraja, na sina neno na hilo. Lakini kazi ya kuondoa sumu ni ya ini na figo, na njia kuu za kutokea ni mkojo na choo.

Jasho ni maji kwa karibu asilimia 99. Kilichobaki zaidi ni chumvi, yaani sodiamu na kloraidi, pamoja na potasiamu, laktati (kemikali inayotokana na mwili kutumia sukari) na urea (taka ya protini) kidogo. Kazi yake ni kuupoza mwili.

Viwango vya kemikali hizi vya jasho vinapimika juu ya ngozi yenyewe. Vihisi vya kielektrokemia, yaani vipimaji vidogo vinavyogeuza kiwango cha kemikali kuwa ishara ya umeme, huchapwa kwa wino wa kaboni na wa fedha kwenye plastiki nyembamba, kupitia kitambaa cha wavu, kama nembo za fulana zinavyochapwa. Utando unaochagua sodiamu hupakwa juu ya elektrodi moja, yaani sehemu ya wino inayopokea ishara ya umeme. Sodiamu ikiongezeka mara 10, volteji hupanda kwa takriban milivolti 59. Kwa laktati hutumika kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, na kinachosomwa ni mkondo wa umeme.

Sodiamu ya jasho hutofautiana mno, takriban milimoli (kipimo cha wingi wa kemikali) 10 hadi 90 kwa lita. Wachumaji wawili wa shamba moja wanaweza kupoteza chumvi kwa viwango tofauti kabisa. Anayejilazimisha kutokwa jasho ili ajisafishe hupoteza maji ambayo figo zake zinayahitaji kwa kazi hiyo hiyo.