Rangi Mpya Haikaushi Ukuta: Dhana Potofu za Kupamba Nyumba Baada ya Masika

Wenzetu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini husubiri majira ya machipuko, baridi ikatike, ndipo wafungue madirisha na kuanza kupaka rangi. Huku Pwani msimu wa kazi hiyo ni kipupwe. Masika yakishapita, kusi ikashika na hewa ikapoa, utaona ndoo za rangi barazani na mke na mume wamesimama mbele ya ukuta wakibishana. Mimi na mume wangu ni miongoni mwao. Tunakaa Tanga, nyumba ya matofali ya saruji. Kazi ndogo tunafanya wenyewe, kubwa tunaita fundi. Tunayoambiwa dukani na mitaani kuhusu kazi hii ni mengi, na baadhi yake yanakula pesa za watu kila mwaka. Naanza na lile linalokula nyingi zaidi.

“Ukuta ukibanduka, nunua rangi ya bei zaidi”

Sogeza kabati, inama, upitishe kiganja ukutani karibu na sakafu. Ukikuta unga mweupe unaobaki mkononi, na rangi imevimba kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, hapo hata rangi ya bei kubwa kuliko zote dukani haitakusaidia.

Unga huo wengi huuita fangasi, kumbe ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali kupitia vitundu vyake vidogo, yakibeba chumvi iliyomo kwenye udongo, kwenye saruji, na kwenye mchanga wa baharini ambao haukuoshwa wakati wa kujenga. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi ikabaki. Chembe zake zinapokua huisukuma rangi mpaka ibanduke. Na ukipaka rangi isiyopitisha hewa kabisa, unyevu ukikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, kisha unatokea pale ulipodhani pako salama.

Fangasi wa kweli ni madoa meusi au ya kijani, na hupenda mahali hewa haitembei: pembe za dari, bafuni, nyuma ya kabati lililogandamizwa ukutani. Tofauti hii usiidharau, maana matibabu ni mawili. Chumvi husuguliwa kwa brashi kavu na kufagiliwa nje. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani ya tofali. Fangasi huoshwa, kwa sabuni au kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo iliyozimuliwa kwa maji, madirisha yakiwa wazi na glavu mkononi. Klorini usiichanganye na dawa ya choo yenye tindikali wala na chochote chenye amonia. Hewa inayotoka hapo ni sumu kwa mapafu, na bafu dogo hujaa upesi.

Baada ya hapo mtafute maji yanatoka wapi. Doa la chini, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno, kwa kawaida ni maji ya ardhini: pengine msingi haukuwekewa nailoni nzito ya kuzuia unyevu, pengine ilitoboka, pengine udongo wa bustani umerundikwa nje mpaka ukaipita. Hili la bustani ni la kuangalia mwanzo, kwa sababu kuliondoa kunahitaji jembe tu. Doa linaloshuka kutoka juu ni paa au mfereji wa paa. Doa la katikati, lililo peke yake, mara nyingi ni bomba lililofukiwa ukutani.

Kama hamna uhakika, kuna kipimo kisichogharimu kitu. Kateni nailoni angavu, nusu meta kwa nusu meta, muibandike ukutani kwa utepe pande zote nne pasibaki upenyo. Iacheni siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa nyuma, ulioelekea ukuta, maji yamo ndani ya ukuta na rangi isubiri. Yakitokea upande wa mbele, unyevu ni wa hewa ya chumbani, na linalotakiwa ni madirisha kufunguliwa na kabati kuachana na ukuta walau upana wa kiganja. Sisi hatufungui kopo kabla ya kipimo hiki. Kimetumalizia mabishano mengi, kwa sababu matone yakionekana hakuna wa kubishana nayo.

“Saruji ni imara, chokaa ni ya zamani”

Hili linaniuma, kwa sababu linaharibu nyumba ambazo hazitajengwa tena. Majumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ya Lamu na ya Mombasa ya kale yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe yaliyochomwa. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Kuta hizo ni nene na hunywa maji. Masika yakija zinalowa, kusi ikivuma zinakauka, kwa sababu chokaa hupitisha mvuke kwa urahisi na hujinyoosha kidogo ukuta unapocheza.

Mtu akirithi nyumba ya namna hiyo, jambo la kwanza analoambiwa ni kubandua chokaa na kupiga lipu ya saruji ili nyumba “ikae kisasa”. Saruji ni ngumu na imebana. Unyevu ulioingia kwa paa au kwa msingi hauna pa kutokea, unakaa kwenye jiwe, unafika kwenye vichwa vya boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya juu, na boriti zinaanza kuoza. Kwa nje lipu inaonekana nzima. Siku inapobanduka, hutoka kwa mapande, na jiwe la ndani limeshageuka kuwa makombo.

Kwa nyumba ya matumbawe, basi, chokaa ndiyo dawa: lipu ya chokaa, na juu yake chokaa ya maji inayorudiwa kila inapochakaa. Ina faida nyingine pia. Ukali wake wa alkali humfanya fangasi asipende kuishi hapo. Ila haishiki juu ya rangi ya maji ya kisasa. Rangi hiyo lazima ikwanguliwe yote kwanza, na hilo ni bora mlijue kabla ya kupatana bei na fundi.

Nyumba za matofali ya saruji kama yetu ni habari nyingine. Hapo lipu ya saruji iko mahali pake.

“Rangi ya mafuta ndiyo hudumu, ipakeni kila mahali”

Kwenye milango, magrili na fremu, sawa. Ukuta wenye unyevu ukiupaka rangi ya mafuta utavimba malengelenge. Lipu mpya ni mbaya zaidi. Saruji ambayo haijakomaa ina alkali kali, na alkali ikikutana na mafuta ndivyo sabuni inavyotengenezwa: rangi hulainika, hunata, hatimaye huteleza ukutani. Lipu mpya ipewe wiki nne hivi, kisha praima (rangi ya kutangulia) ya kuzuia alkali, ndipo rangi yenyewe. Na ndani ya vyumba visivyo na mwanga wa jua, rangi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano.

Kuna jambo zito kuliko hayo. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma, hasa za manjano, nyekundu, chungwa na kijani kali, nyingi zilitiwa madini ya risasi. Marekani iliipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978, na sheria ya mfano ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa inataka kiwango kisizidi sehemu 90 kwa milioni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mwili. Inaumiza ubongo wa mtoto unaokua, na kwa mjamzito inaweza kumfikia mtoto tumboni.

Wapi mnakutana nayo? Siku mnapopiga msasa mlango wa zamani. Wanandoa wengi hupamba nyumba mke akiwa mjamzito, wakiandaa chumba cha mtoto, na yeye ndiye anapewa msasa kwa kuwa “ni kazi nyepesi”. Jamani, hapana. Yeye na watoto watoke nyumbani siku hiyo. Anayesugua avae barakoa ya vumbi yenye kuchuja kweli, ailoweshe rangi ya zamani kwanza na kusugua ikiwa mbichi, atandike nailoni chini, na sakafu ipigwe deki yenye maji, isifagiliwe kavu. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

“Fundi ndiye anayejua ndoo ngapi”

Fundi anajua kazi yake, lakini hesabu hii ni ya wenye pesa. Chukueni chumba cha meta 3 kwa 4, kimo meta 3. Mzunguko wake ni meta 14, mara kimo unapata meta za mraba 42. Ondoa mlango na dirisha, karibu 4, zinabaki 38. Koti mbili, yaani kupaka mara mbili, ni 76. Lita moja ya rangi ya maji hufunika karibu meta za mraba 10 kwa koti moja kwenye ukuta laini, kwa hiyo mnahitaji lita 8 hivi: makopo mawili ya lita 4. Ukuta wa lipu isiyopigwa msasa hunywa zaidi. Mkiambiwa chumba hicho kinataka ndoo ya lita 20, ulizeni kwa upole itaishia wapi.

Rangi yenyewe mkae nayo wakati inachanganywa. Maji yakizidi kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, koti mbili hazitafunika na ukuta utaacha unga mkononi mkiufuta.

“Nyeupe hukuza chumba”

Chumba chenye dirisha kubwa, ndiyo. Chumba chenye kidirisha kimoja kinachotazama ukuta wa jirani, nyeupe hugeuka kijivu, na mchana kinaonekana kimenuna. Hapo rangi yenye joto kidogo, ya maziwa au ya mchanga, hufanya kazi bora, na nyeupe mkaiacha darini ambako inarudisha mwanga chini.

Watu huisahau taa. Balbu nyingi zinazouzwa kwetu ni za mwanga mweupe wa samawati, kelvini 6500, na wanunuzi huamini ndizo zinazowaka zaidi. Kelvini ni rangi ya mwanga. Nguvu ya mwanga huandikwa kwa lumeni. Balbu ya kelvini 2700 au 3000 yenye lumeni zilezile inamulika sawasawa, na sebuleni usiku inatuliza macho. Mimi ningebadili balbu kabla ya kubadili rangi. Wakati mwingine ukuta hauna kosa.

Ndiyo maana kuchagua kwenye kadi ya dukani, chini ya taa ya dukani, kunaleta ugomvi nyumbani. Na ile dhana kwamba rangi huchagua mke na kulipa hulipa mume inauzidisha, kwa sababu mmoja anaishi na chaguo asilolipenda na mwingine analaumiwa kwa yote. Nunueni kopo dogo, mpake kiraka cha nusu meta kwenye kuta mbili, moja inayopata jua na moja isiyopata. Mkiangalie asubuhi, jioni, na usiku taa ikiwaka, kwa siku kadhaa. Mume wangu alikuwa na rangi yake ya kijani aliyoing'ang'ania. Kwenye kiraka tuliona wote wawili kwamba asubuhi inapendeza na usiku inakuwa nzito mno, tukaipeleka barazani, na barazani imekaa vizuri sana.

“Tumalize kabla ya sikukuu ya Desemba”

Oktoba mpaka Desemba ni vuli kwa sehemu kubwa ya Pwani. Hewa ina maji, rangi inachelewa kukauka, koti la pili linapakwa juu ya la kwanza ambalo bado ni bichi, na mafundi wamekamatwa na kila mtu. Juni mpaka Septemba hewa ni kavu zaidi na fundi ana nafasi ya kurudi kurekebisha. Kama sikukuu imewabana, fueni mapazia, osheni madirisha na feni, sogezeni samani. Kuta zisubiri.

“Mimea ya ndani husafisha hewa”

Imani hii ilianzia kwenye utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya visanduku vilivyozibwa. Nyumba haizibwi hivyo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ingehitajika mimea 10 mpaka 1,000 kwa kila meta ya mraba ya sakafu ili ifanye kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka kwa kawaida. Mimea ipandeni kwa uzuri wake. Harufu ya rangi mpya muitoe kwa kufungua madirisha yanayotazamana.

“Rangi iliyobaki haina kazi”

Ina kazi sana, maana mkono wa mtoto na mgongo wa kiti vitaacha alama kabla ya mwaka kwisha, na kupata rangi ileile dukani ni bahati. Mimineni iliyobaki kwenye chombo kidogo kinachojaa karibu na mdomo, mkifunge sana, mkiweke mahali pa kivuli. Andikeni juu yake jina la chumba, namba ya rangi na mwezi mlioipaka. Ikinuka vibaya siku ya kufungua, imeoza, msiitumie. Na msiimwage mtaroni: iacheni wazi, au muichanganye na mchanga, ikiganda ndipo itupwe na taka ngumu.