Daktari, hicho kiraka ni cha mnyama gani?

Swali hili niliulizwa kliniki, Arua, Uganda, na bibi mmoja wa Kinubi. Kibofu chake kilikuwa kimeshuka mpaka kinachungulia ukeni, na binti yake alikuwa amesikia kwamba siku hizi wanawake wanawekewa kiraka cha kukishikilia. Kabla hajapanda kitandani akaniuliza: "Mwanangu, hicho kiraka ni cha mnyama gani?"

Wagonjwa wengi hawaulizi, na sisi madaktari tunanyamaza. Vipandikizi vingi vilivyotengenezwa kwa kazi hii vimetokana na ngozi ya nguruwe au utando wa utumbo wake mdogo. Vingine ni utando unaozunguka moyo wa ng'ombe, vingine tishu za binadamu aliyefariki. Husafishwa kwa kemikali seli zitoke, ibaki kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoipa tishu uimara.

Nikamjibu: cha nguruwe. Akanyamaza, akavuta mtandio wake. Wapo masheikh wanaoruhusu kitu kama hicho kwa dharura. Lakini kibofu kilichoshuka hutesa na kuaibisha, ni nadra kuua, na njia nyingine zipo. Dharura iko wapi?

Kiraka kilibuniwa kwa sababu tishu zilizolegea kwa uzazi na mizigo, hata ukizishona vizuri, huweza kulegea tena. Plastiki ndiyo iliyovuma zaidi, wavu wa polipropilini. Kwa baadhi ya wanawake wavu ulitokeza kwenye ukuta wa uke, ukaleta maumivu, na Aprili 2019 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ikawaamuru watengenezaji waache kuuza nyavu zinazowekwa kupitia ukeni kwa tatizo hili.

Tishu za mnyama zina shida yake: mwili huzila. Seli za mgonjwa huingia kwenye kolajeni, zikaotesha mishipa ya damu na kujenga tishu mpya. Kiraka kikiyeyuka kabla ujenzi haujakamilika, mgonjwa karudi palepale. Basi viwanda vikakaza kolajeni kwa kemikali isiyeyuke haraka, na hapo mwili mara nyingine hukizungushia ukuta tu, kama unavyofanya na mwiba.

Utafiti wa PROSPECT wa Uingereza, uliochapishwa 2017, ulilinganisha ushonaji wa kawaida, wavu na kiraka cha kibayolojia. Katika miaka 2 ya mwanzo, waliowekewa kiraka hawakuwa na nafuu kuliko walioshonwa tishu zao wenyewe. Kwa nini basi nimwambie mtu auze ng'ombe ili ninunue nguruwe?

Tatizo likirudi baada ya upasuaji, nafikiria utando wa paja la mgonjwa mwenyewe. Ni ule mweupe, unaong'aa, unaoukuta kwenye nyama ya mbuzi na kukataa kisu butu. Mkato mdogo juu ya goti unatosha, ingawa paja litauma siku kadhaa. Si dawa ya kila kitu: katika utafiti mmoja wa 2005, uke ukining'inizwa kwenye mfupa wa chini wa mgongo, utando wa namna hiyo kutoka kwa wafu ulishika kwa wanawake 68 kati ya 100 baada ya mwaka, wavu 91.

Bibi tulimshona tishu zake mwenyewe. Siku ya kuondoka nikamkataza kuinua jerikeni la lita 20 kwa wiki 6. Akanitazama.

"Na maji atachota nani, wewe?"