Mkaguzi hagongi mhuri tu

Wiki iliyopita pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, mama mmoja muuza dagaa alinikatiza nikiwa katikati ya maelezo. "Mwanangu, nyie wakaguzi kazi yenu mhuri. Sera zinatungwa Dodoma." Ni mama ninayemheshimu, na hakusema kwa ubaya. Lakini maneno hayo hayo nimeyasikia viwandani, kwenye semina, hata kwa wakaguzi wenzangu, na safari hii yamenikaa kooni.

Tuanze na sangara. Mwaka 1991 Ulaya ilitoa agizo kuhusu usafi wa mazao ya uvuvi: nchi inayotaka kuwauzia samaki iwe na mamlaka ya serikali inayosimamia ukaguzi, na viwanda vifuate HACCP, yaani utaratibu wa kutambua na kudhibiti hatari za chakula katika kila hatua ya kazi. Kwetu mamlaka hiyo ni Idara ya Uvuvi, na maabara iko Nyegezi. Kisha zikaja marufuku mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza, mwishoni mwa 1997, ilihusu kipindupindu, na haikuwa na mashiko. Bakteria wa kipindupindu hufa samaki akipikwa, na Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba kuzuia chakula si njia ya kupambana na ugonjwa huo. Ikaondolewa Juni 1998. Ya pili, ya 1999, ilihusu watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Hapo mnunuzi alikuwa na haki ya kuuliza, na mkaguzi asiye na vipimo vya viuatilifu, yaani sumu za kuulia wadudu, hana la kumjibu. Anayeniambia "Wazungu walituonea" aseme kwanza anazungumzia ipi.

Sasa niangalieni ninavyofanya kazi. Gari likifika mapokezi ya kiwanda, nafunua matamvua ya sangara, nabonyeza mnofu kwa kidole, kisha nachoma kipimajoto karibu na uti wa mgongo na kusubiri namba itulie. Ikisoma nyuzi 9, najua samaki huyu hakulala kwenye barafu, hata kama sasa hivi amefunikwa nayo mpaka machoni. Narudi kwenye fomu. Mtumbwi ulikuwa na barafu? Sakafu ya mwalo ni ya saruji? Maji yamewekwa klorini? Gari linahifadhi ubaridi? Kila swali ni pesa. Mwenye mtaji anajibu ndiyo, na yule aliyekuwa akileta samaki watano kwa baiskeli anatoka kwenye biashara ya kiwanda. Hakuna mbunge aliyesimama kusema mwenye baiskeli aondoke. Fomu ndiyo iliyomwondoa, na fomu hiyo wakaguzi tulikaa mezani tukaijadili kipengele kwa kipengele. Hiyo si sera?

Hata urefu wa samaki ni hivyo hivyo. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Rula inasimamiwa vizuri mlangoni pa kiwanda, basi mwenye sentimita 46 hapiti hapo, anageuka kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na kuondoka kwa njia nyingine. Nimekataa samaki wa namna hiyo mara nyingi, nikajua kabisa kwamba sijaokoa hata mmoja. Hilo linanisumbua kuliko ninavyoweza kuandika kwenye ripoti.

Na dagaa? Kwa uzito ndio wengi ziwani, na ndio wanaoliwa nyumbani kwetu, lakini bado tunawaanika mchangani. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka wanaoza, na mzigo wa chakula cha watu unauzwa chakula cha kuku. Kichanja cha wavu kinawainua juu, upepo unapita chini, wanakauka upesi na hawana mchanga. Sisi wakaguzi tunakijua kichanja miaka yote. Tofauti ni kwamba sangara ana mnunuzi anayeweza kumrudisha, na ukali wetu ukaenda huko. Kuamua dagaa asikaguliwe kwa ukali ule nako ni kutunga sera, tena kwa kukaa kimya. Tangu 2019 usimamizi wa vyakula ulipotoka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, shirika la viwango, dagaa wa pakiti wana mahali pa kupimwa. Wa gunia bado wanategemea jicho la mkaguzi wa mwaloni.

Hapa moyo wangu unagawanyika. Nikipiga marufuku mchanga kesho asubuhi, watakaoumia kwanza ni akina mama waliokodi vipande vya ufukwe, si wenye maboti. Nikiacha, watoto wao wataendelea kutafuna mchanga. Kwa maoni yangu vichanja vitangulie, katazo lifuate, na muda wa katikati uandikwe kwenye kanuni yenyewe.

Nilimwomba yule mama afungue gunia lake. Nikachota viganja viwili vya dagaa, nikavikung'uta juu ya gazeti, nikakunja karatasi na kumwaga mchanga uliobaki kwenye kiganja chake. Aliusugua kwa kidole gumba, kimya. Kisha akauliza kichanja cha hatua kumi kinahitaji wavu kiasi gani. Jumatatu narudi Kirumba na futi ya kupimia, na swali lake litakuwa la kwanza kwenye mapendekezo nitakayopeleka ofisini.