Msumeno wa mnyororo na sheria za moshi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Misumeno ya siku hizi haina nguvu. Sheria za moshi zimeiua."

Wanaosema hivi mara nyingi ni watu wanaoijua kazi yao, kwa hiyo siyapuuzi maneno yao. Lakini mwenye kusema hivyo mwulize kwanza: petroli uliyokuwa ukitia kwenye chenso ya zamani ilikuwa inakwenda wapi?

Injini ya misumeno hii ni ya mipigo miwili, nayo haina vali. Pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga matundu ya silinda ikipanda na kushuka. Ikishuka, tundu la ekzosi hufunguka, na punde tu yale ya kuingizia mchanganyiko wa petroli na hewa nayo hufunguka. Kwa muda mfupi yote yako wazi. Mchanganyiko mpya huingia, huusukuma moshi utoke, na sehemu yake hutoka pamoja nao bila kuwaka. Kwenye injini za muundo wa zamani, kinachopotea hivyo huweza kufika hata theluthi ya petroli. Hilo ndilo lililowashughulisha watunga sheria, wala si ule moshi wa buluu unaoonekana kwa macho. Petroli mbichi hewani haionekani, lakini jua likiipiga pamoja na oksidi za naitrojeni, gesi nyingine zitokazo kwenye ekzosi, huzaa ozoni ya chini, ile inayokereketa mapafu.

Marekani ilianza kubana mwaka 1997. Msumeno wa kati, wenye injini ya ukubwa wa kati ya sentimita za ujazo 20 na 50, uliruhusiwa kutoa gramu 241 za hidrokaboni, yaani petroli isiyowaka, kwa kila kilowati-saa ya kazi. Awamu ya pili, iliyoanza kuingia mwaka 2002, ilishusha kikomo hadi gramu 50, tena oksidi za naitrojeni zikihesabiwa humo humo. Misumeno ya sentimita 50 na zaidi iliwekewa gramu 72. Ulaya nayo inatumia vikomo hivyo hivyo viwili. Pengo kama hilo huwezi kuliziba kwa bisibisi na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ilibidi injini yenyewe ifikiriwe upya.

Mwanzoni majibu mengine hayakupendeza. Misumeno iliyofungwa kichocheo cha kuunguzia mabaki ya petroli ndani ya silensa ilikuwa na ekzosi ya moto kupita kiasi, na malalamiko ya wakati ule yalikuwa ya haki. Kilichokuja kubadilisha mambo ni wazo jepesi: tanguliza hewa tupu. Shika pistoni ya injini hizi mkononi uitazame ubavuni. Utaona imechimbwa mifuko mipana, kila upande mmoja. Kupitia mifuko hiyo hewa safi hujaza njia za kuingilia kabla ya mchanganyiko. Matundu yakifunguka, hewa hiyo ndiyo inayousukuma moshi nje, na kikivuja kitu, kinachovuja ni hewa. Petroli inabaki silindani iwake. Watengenezaji wa misumeno Husqvarna huuita mfumo wao X-Torq, wenzao Stihl huuita 2-MIX. Kwangu mimi huu ni ufundi wa kuvua kofia: hakuna kipuri kilichoongezwa kinachozunguka, na tangi moja linakata magogo mengi zaidi.

Kama sheria zingekuwa zimeua nguvu, Stihl MS 500i isingekuwepo. Ina sentimita za ujazo 79.2, inatoa kilowati 5, na bila bao na mnyororo ina uzito wa kilo 6.2 tu. Haina kabureta kabisa. Petroli inapulizwa kwa kipimo cha kompyuta ndogo inayosoma vihisi vyake.

"Zile kofia za plastiki kwenye skrubu za kabureta ng'oa, msumeno upumue."

Kofia hizo zinazuia skrubu isizungushwe mbali kwa sababu injini inatakiwa ibaki ndani ya kikomo hata baada ya saa nyingi za kazi, mpaka 300 kwa mashine za kazi nzito. Niliwahi kufungua msumeno ulionoki ambao kofia zake zilikuwa zimeng'olewa. Upande wa ekzosi, pistoni ilikuwa na mikwaruzo ya wima, mirefu, kama iliyochorwa kwa msumari, na ringi imeganda kwenye mfereji wake. Upande wa pili uling'aa kama mpya. Mwenyewe alikuwa amezungusha skrubu wiki nzima akitafuta mlio mzuri, kumbe mpira wa kuunganisha kabureta na silinda umepasuka na unavuta hewa ya wizi. Skrubu haitibu ufa. Msumeno ukibadilika mlio ghafla, angalia kwanza mipira, chujio la hewa na umri wa petroli. Kwenye mifumo ya AutoTune ya Husqvarna na M-Tronic ya Stihl, kipimo cha petroli hujirekebisha chenyewe ukipanda mlima au chujio likianza kuziba.

"Ongeza oili, injini itadumu."

Oili ikizidi kwenye mchanganyiko, inachukua nafasi ya petroli, na injini inakula hewa nyingi kuliko petroli inayohitaji. Inapata joto, huku masizi yakiziba ekzosi. Kama kitabu cha mashine kinasema 50 kwa 1, yaani sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, pima 50 kwa 1.

"Moshi wake ni safi sasa, unaweza kukatia hata ndani."

Hapa naomba usikilize. Kikomo cha monoksidi ya kaboni kwa msumeno ulio chini ya sentimita 50 ni gramu 805 kwa kilowati-saa. Hicho ni kiasi kikubwa mno cha sumu isiyo na harufu. Sheria zilibana petroli mbichi. Gesi hii hazikuibana hivyo. Usiwashe msumeno wa petroli ghalani, shimoni wala chumbani, hata mlango ukiwa wazi.

"California imepiga marufuku chenso za petroli."

Kanuni ya jimbo hilo la Marekani inahusu injini mpya ndogo kuanzia modeli ya mwaka 2024. Msumeno ulionao unaendelea kuutumia. Na wa sentimita 45 au zaidi haumo, kwa sababu sheria ya nchi nzima inaizuia California kugusa injini za kilimo na ujenzi zilizo chini ya nguvu farasi 175, na misumeno mikubwa imehesabiwa humo.

"Betri itaifuta petroli karibuni."

Kwa msumeno mdogo wa kupogolea, betri tayari imeshinda, na sikio linashukuru. Kwa gogo nene, fanya hesabu. Kilo moja ya petroli ina takriban kilowati-saa 12. Kilo ya betri nzuri ya lithiamu ina kama robo ya kilowati-saa. Hata injini ikipoteza robo tatu kwa joto, petroli bado inabeba mara kumi na zaidi. Anayekata msituni siku nzima, mbali na umeme, ataendelea kubeba dumu, na injini inayomsubiri ni ile yenye mifuko ubavuni mwa pistoni na kompyuta inayopima kila tone.