Wuxia: filamu ya mapigano inayobeba hisia

Wuxia ni aina ya hadithi za Kichina, vitabuni na baadaye katika filamu, inayomhusu mpiganaji hodari wa upanga ambaye hamtumikii mtawala, bali anafuata kanuni za heshima: kutimiza ahadi, kulipa fadhila, kumtetea mnyonge na kumlipia kisasi mwalimu wake aliyeuawa. Wengi waliokulia picha za ngumi za Bruce Lee huziona aina hizi mbili kuwa kitu kimoja, lakini zinatofautiana sana. Katika wuxia mpiganaji aliyebobea hupaa juu ya mapaa na matawi ya miti, na kinachomtesa stelingi si adui peke yake, bali pia kanuni alizojiwekea mwenyewe.

Mfano ulio wazi ni Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Ang Lee, mzaliwa wa Taiwan. Wapiganaji wawili, Li Mu Bai na mwanamke Yu Shu Lien, wamependana kwa miaka mingi. Hata hivyo, Shu Lien aliwahi kuchumbiwa na ndugu wa kiapo wa Li, na baada ya huyo kuuawa, wote wawili wanaona kwamba kuyatamka mapenzi yao ni kumkosea heshima marehemu. Basi wananyamaza, na yale wasiyoweza kuyasema hujitokeza wanaposhika silaha. Kwangu mimi, hapo ndipo ilipo nguvu halisi ya wuxia.

Tazama pigano la Shu Lien na Jen, binti wa afisa mkubwa aliyeitoroka ndoa aliyopangiwa na wazazi wake. Jen ana upanga wa Li, ambao hukata kila chuma, kwa hiyo Shu Lien analazimika kubadili silaha moja baada ya nyingine. Mojawapo ni nzito kiasi kwamba inamshinda kuinua. Mwishowe, akiwa na upanga uliokatika, anauweka shingoni mwa Jen na kuuzuia hapo, naye Jen anamjeruhi mkono. Mwanamke aliyeisalimisha furaha yake kwa ajili ya heshima anapambana na msichana asiyetaka kufungwa na heshima yoyote, na kila pigo linabeba hasira ya dada mkubwa pamoja na huruma yake.

Mapigano hayo yalipangwa na Yuen Woo-ping, huku waigizaji wakining'inizwa kwa nyaya zilizofutwa baadaye kwa kompyuta. Filamu ilipata tuzo 4 za Oscar, ikiwamo ya muziki wa Tan Dun.

Ang Lee hakuwa wa kwanza kuijaribu njia hii. Pigano lake la kwenye msitu wa mianzi linafuata nyayo za mwongozaji King Hu, ambaye katika A Touch of Zen ya mwaka 1971 aliwafahamisha watazamaji wake na wahusika kwa karibu saa nzima kabla ya kuruhusu pigano la kwanza.