Vichwa butu vya greini 160 vimekwisha madukani: mimi nimeanzia kwenye koo la mtutu

Boksi langu la mwisho limebaki na vichwa 14. Nimevihesabu jana usiku, nikavirudia tena kama mtu anayehesabu akiba ya unga. Duka ninalonunulia hapa Sweden lilishanijibu: havitengenezwi tena, na vilivyokuwa stoo vimekwisha.

Raifo yenyewe ni Mannlicher-Schönauer, toleo la 1903, kaliba 6.5x54. Kwa wanaoanza kunisoma leo, risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki ya kuwashia, baruti na kichwa. Sisi tunaojaza wenyewe hununua kila kimoja peke yake, tukaviunganisha mezani kwa mashine ya mkono. Ganda naweza kulitumia mara kadhaa. Kichwa kikishatoka, kimetoka. Kwa hiyo kiwanda kikiacha kutengeneza kichwa fulani, raifo iliyochongwa kwa ajili ya kichwa hicho inabaki yatima.

Na hii ilichongwa hivyo kweli. Waaustria walioibuni waliipa kichwa kirefu cha greini 160, yaani gramu 10.4, chenye ncha ya mviringo kama kidole gumba. Wasomaji wa Uganda na Kenya watalijua jina la W.D.M. Bell, Mskoti aliyeitwa "Karamojo" kwa sababu ya safari zake za Karamoja. Kwa hesabu yake mwenyewe aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa kaliba ya 7x57 yenye kichwa butu cha greini 173 kilichovikwa koti gumu. Hii 6.5 pia aliibeba. Idadi ile ya tembo inaniuma kila ninapoitaja. Lakini kifundi inaonyesha jambo moja: kichwa chembamba, kirefu, kizito kwa unene wake, hakipindi njia kikishaingia mwilini. Kinakwenda mbele.

Mbona vimeachwa? Wanunuzi wamehama. Wawindaji wengi wa leo wanataka kichwa kilichochongoka, kinachokata upepo hadi mita 400. Kichwa butu hupoteza kasi haraka, na kiwanda hakiwezi kufunga mashine kwa ajili ya wazee wachache wenye raifo za mwaka 1903. Sijakasirika nao. Ila kwa msitu ninaowinda, ambako mita 80 ni mbali, kichwa butu hakina upungufu wowote. (Wako wanaosema kinapenya vichaka bila kupotoka. Si kweli. Kijiti hupotosha kichwa cha aina yoyote, na mnyama aliye nyuma ya kichaka hapigwi.)

Nilipoanza kutafuta mbadala nilifanya kosa ambalo naona wengi wanalifanya: nilitazama kipenyo, nikatazama uzito, nikanunua. Nilichukua vichwa vilivyochongoka vya greini 140, vizuri sana machoni. Kwa mzunguko wa mifereji ya mtutu, ile inayokizungusha kichwa ili kiruke kimetulia, havikuwa na shida. Mtutu huu hukamilisha mzunguko mmoja kila milimita 200 hivi, na kwa kanuni ya mwanahisabati Greenhill ya mwaka 1879 hiyo inatosha kutuliza kichwa chenye urefu wa karibu milimita 33. Shida ilikuwa mahali pengine, tena mbili kwa mpigo.

Ya kwanza ni koo. Kati ya chumba cha ganda na mahali mifereji inapoanza pana sehemu laini, na katika raifo hii ni ndefu. Kichwa butu kina unene kamili karibu hadi mwisho wake, kwa hiyo bega lake linafika mbele na kugusana na mifereji mapema. Kilichochongoka huanza kukonda mapema. Hata ukikiacha kitokeze kiasi gani, bega liko nyuma, na baruti ikiwaka kichwa kinaruka sehemu tupu kabla ya kushikwa. Kwangu, matundu matano yaliyokuwa yakifunikwa na kiganja yalitawanyika ukubwa wa sahani.

Ya pili ni magazini. Schönauer haina boksi la kawaida. Ndani mna gurudumu lenye vishimo virefu vitano, na kila risasi hulala kwenye kishimo chake kama mtoto kwenye mbeleko. Gurudumu lile limepimwa kwa risasi nzima inayokaribia milimita 78, yenye pua nene. Ukiiletea pua nyembamba, au risasi fupi, inainama inapopanda. Yangu ya tatu ilikita ncha kwenye ukingo wa chumba. Nilisukuma bolti, lile komeo linalofunga chumba, polepole, nikasikia mkwaruzo, nikaitoa: ncha ya madini laini ya risasi (lead) imepinda pembeni kama mshumaa uliokaa juani.

Halafu kuna sheria, ambayo kwa mtu wa hapa ndiyo inayokata mzizi. Kwa älg, yule kulungu mkubwa wa kaskazini, Sweden inataka kichwa cha gramu 9 au zaidi chenye jouli 2,700 kwenye mita 100, au cha gramu 10 au zaidi chenye jouli 2,000. Greini 140 ni gramu 9.07. Ili kitimize jouli 2,700 kinapaswa kuwa bado na kasi ya mita 772 kwa sekunde baada ya mita 100, kasi ambayo ganda langu haliifikii hata mdomoni mwa mtutu. Cha gramu 10.1 kinahitaji mita 629 tu. Kwa hiyo uzito ule haukuwa ushabiki wa mambo ya kale. Ukishuka chini ya gramu 10, raifo hii haina ruhusa ya kumpiga älg.

Hapo ndipo nilipoacha kununua, nikaanza kupima. Nilichukua ganda tupu lisilo na fataki wala baruti, nikaliminya shingo kidogo tu ili kichwa kiweze kuteleza, nikakipaka kichwa masizi ya mshumaa, nikafunga bolti taratibu. Mifereji ilisukuma kichwa ndani na kuacha alama ndogo kwenye masizi. Nilipima urefu kutoka kitako cha ganda hadi kwenye alama. Kipimo hicho ndicho ninachokwenda nacho dukani sasa.

Kwa kipimo hicho, Norma Oryx ya greini 156 ilinifaa. Pua yake si butu kama ya zamani, ila ni nene vya kutosha, bega liko mbele, na madini ya risasi ya ndani yameunganishwa na koti la shaba ili yasiachane ndani ya mnyama. Lapua Mega ya gramu 10 nayo inafanana kwa umbo, na ni ya pili kwangu. Vya shaba tupu nimeviacha. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba cha uzito uleule kinakuwa kirefu mno, kinakula nafasi ya baruti na kuvuka kile mzunguko unachoweza kutuliza. Hilo linanipa wasiwasi, maana Denmark imeshapiga marufuku madini ya risasi katika vichwa vya kuwindia tangu 2024.

Tafadhali, ndugu, hapa kuwa makini: ukikuta mtandaoni vichwa butu vya greini 160 "vya 6.5", soma kipenyo kabla ya kulipa. Vipo vilivyotengenezwa kwa Carcano ya Italia, vyenye milimita 6.81. Vyetu ni 6.71. Tofauti hiyo jicho halioni, lakini baruti italazimika kukisukuma kichwa kinene kuliko njia yake, na shinikizo linalopanda liko sentimita chache kutoka shavuni mwako.

Na hata kipenyo kikiwa sahihi, usihamishe kipimo cha baruti kutoka kichwa cha zamani kwenda kipya, ati kwa kuwa uzito unakaribiana. Ugumu wa koti na urefu wa sehemu inayosugua mtutu hubadilisha shinikizo. Fungua kitabu cha mtengenezaji wa baruti, anza na kipimo cha chini kabisa, panda hatua kwa hatua huku ukitazama fataki na ugumu wa bolti. Badili pia kidole cha kusukumia kichwa ndani ya kalibu, kile kifaa cha mashine kinachokikaza kichwa kwenye ganda. Cha pua iliyochongoka huchonga duara kwenye pua laini.

Kwa Oryx, kipima kasi kilinipa kasi ambayo kwa hesabu inabaki juu kidogo ya jouli 2,000 kwenye mita 100. Ni kidogo kweli. Asubuhi ya baridi kali baruti hulegea, kwa hiyo nitapima tena Januari kabla ya kuamini.

Vile 14 vya zamani, kumi na moja nitavipiga. Vitatu nimevitia kwenye maganda matupu yaliyotobolewa ubavuni ili nisiyachanganye na risasi za kweli, na viko kwenye kopo juu ya meza. Kila kichwa kipya kikija, kwanza nazungusha vile vitatu kwenye gurudumu, kisha vipya, na kusikiliza kama bolti inatoa sauti ileile.